Ncha Iliyopigwa Tupa

Mimi ni mwoga. Naanza hapo ili mtu asije akanisifu kabla hajanisikia. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na ni kweli: kwangu Kitale wajukuu hucheka kutwa nzima, na mwezi uliopita nilishuka hadi Bumula kumlilia Barasa, ambaye kati yetu wawili ndiye aliyekuwa shujaa. Lakini hiyo methali haisemi mwoga hulala vipi. Mimi ninajua. Nililala vibaya kwa zaidi ya miaka hamsini, na sababu yake ni kipande cha waya kisichozidi urefu wa shubiri. Watoto wangu wamewahi kuniuliza kwa nini nikiona askari, hata huyu wa kuongoza magari pale mjini, mimi huanza kutafuta kitambulisho mfukoni. Nilikuwa nawaambia ni mazoea ya siku za kipande, kile kitambulisho cha lazima cha mkoloni. Sikusema uongo wote, lakini pia sikusema kweli.

Zilikuwa siku za hali ya hatari ya mkoloni, na mimi na Barasa tulikuwa mafundi wa baiskeli nyuma ya duka la Mhindi mmoja mjini Kitale, Bwana Kanji. Tulikuwa tumetahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo tuliitana bakoki, na kwa sisi Wabukusu bakoki wako humfichi chakula wala humtoi kwa adui. Karakana yetu ilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye dirisha moja dogo. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya maharagwe na mahindi ya Kanji, upande wa pili ukuta wa mbao, na nyuma ya huo ukuta jiko la mkewe. Tulinusa binzari asubuhi mpaka jioni. Saa saba tulikuwa tunapika ugali wetu kwenye jiko la makaa pale pale chini ya fremu zilizoning'inia, na tunaula na kunde, na siku za Ijumaa Mama Kanji alitupitishia bakuli la dengu kupitia ubao uliong'oka. Ule ubao pia ulitupitishia maneno. Lolote lililosemwa dukani tulilisikia sisi kwanza, na Barasa alikuwa na kawaida ya kulijibu kwa sauti ya chini huku akiendelea kukaza spoki. "Ati bei ni hiyo hiyo? Si hata jana alisema hivyo, bana." Nikawa nacheka mpaka naumia mbavu.

Miaka yote tuliyokuwa tumefanya kazi, baiskeli zetu zilikuwa na breki za vyuma, zile fimbo zinazovuta kutoka usukani mpaka gurudumu. Kitu hakiharibiki, na kikiharibika unagonga. Mwaka ule ndipo zikaanza kuja kwa wingi za breki za waya. Waya mwembamba unapita ndani ya ganda la chuma lililoviringwa kama springi na kufunikwa kitambaa cheusi, na ganda hilo lazima likatwe kwa urefu wa baiskeli yenyewe. Mimi nikalikata la kwanza kwa plaisi, koleo la mkononi, kama mtu anayekata msumari. Ncha ikabonyea, na kipande cha chuma kikajikunja ndani kama jino. Nikaona, lakini nikajiambia, aah, itazoea. Baiskeli ilikuwa ya mwalimu mmoja wa misheni, mtu mpole, alinishukuru na kuniachia maparachichi matatu. Kwenye mteremko wa Misikhu lile jino likauma waya, breki ikagoma, na mwalimu akaingia mtaroni na uso mbele. Aliporudi alikuwa amefungwa kitambaa, meno mawili ya mbele hayapo, na hakunigombeza hata neno. Afadhali angenitukana. Alikaa tu kwenye gunia akasema, "Fundi, tafadhali rudia." Nilishindwa hata kufungua nati.

Tangu siku hiyo niliogopa kila ganda la waya lililoletwa mbele yangu. Uoga wangu ulinifundisha kazi kuliko Kanji. Nilikusanya maganda mabovu, nikaanza kuyakatakata kujaribu vyombo. Msumeno wa chuma ulinasa kwenye miviringo na kuivuta, ganda likafumuka kama sweta kuukuu. Tindo na nyundo vililikata, lakini vililiacha limelala bapa. Mwishowe nikakumbuka mkasi wa waya ambao Kanji alikuwa ameupata ndani ya shehena ya vyuma vya mzungu aliyehama shamba, mkasi wa mikono miwili mirefu, wa kukatia seng'enge za ua. Midomo yake ilikuwa mikali ajabu. Iliingia katikati ya mviringo na mviringo, na nilipoacha kipande cha waya wa zamani ndani ya ganda, ganda halikubonyea. Ukitaka kukata, kata mara moja; ukiguguna umeharibu. Lakini hata mkasi uliacha jino dogo, la kusikika kwa kidole tu. Basi kila ncha tukawa tunaipiga tupa mpaka inakaa sawa, halafu tunaizungusha tupa pembeni tena, kidogo tu, tuondoe ukali, na mwisho tunachokoa mdomo wake kwa msumari uliochongwa. Hiyo tuliita kung'oa jino. Barasa alipenda neno hilo. "Hata waya anang'olewa meno kama babu yangu," alikuwa akisema, maana wazee wetu walikuwa waking'oa ya chini. "Bleki ya jino ni mauti, bakoki. Ng'oa." Nilimkagua kwa miezi. Nilikuwa mkali, sikatai. Ncha ikipita mkononi mwangu na jino, nilimrudishia mara tatu, mara nne, hata mteja awe amesimama mlangoni anafoka. Hadi mkono wake ukawa hauulizi tena kichwa.

Basi mambo yakaanza. Mama yake Barasa alikuwa anaishi kama skwota, kibarua asiye na ardhi yake, kwenye shamba la mzungu nje ya mji, na mwaka huo maskwota waliambiwa wapunguze ng'ombe. Mama alikuwa na watatu. Siku moja walipatikana upande usiotakiwa, wakafungiwa ndani ya ua wa seng'enge pamoja na wengine, wangojee kupelekwa kuchinjwa. Barasa alinisimulia haya tukila, na nikaona ugali wake umebaki vile vile sahanini. "Mama halii," akasema. "Amekaa tu. Angelia ningejua la kufanya." Mimi nikamwambia maneno ya mwoga: vumilia, serikali ni serikali, ng'ombe hupatikana. Akaniangalia, akasema, "Ndio, bakoki," na akaosha sahani.

Jumapili hiyo hakulala chumbani kwetu. Alirudi Jumatatu asubuhi jua likichomoza, suruali imelowa umande mpaka magotini, na mkasi amebeba ndani ya gunia. Sikumuuliza. Niseme wazi: niliogopa kuuliza, kwa sababu aliyeuliza amejua, na aliyejua ataulizwa. Saa nne habari ilikuwa imefika dukani, na kupitia ule ubao tuliisikia yote: ua umekatwa, ng'ombe wametawanyika, wengine hawaonekani, na polisi wanasema Mwafrika yeyote atakayepatikana na mkasi wa waya atajieleza. Kanji aliingia karakana bila viatu. Sijawahi kumwona Mhindi huyo bila viatu kabla wala baadaye. Alichukua mkasi, akaufunga kwa kitambaa, akausukuma mpaka katikati ya gunia la maharagwe, akasawazisha juu kwa mkono. Halafu akatuambia, "Mimi hapana jua. Wewe hapana jua. Iko maharagwe tu."

Jumatano mvua ikinyesha waliingia watatu: inspekta mzungu, askari mmoja, na sajini wa kwetu ambaye baiskeli yake ilikuwa ya breki za waya na tulikuwa tumemtengenezea. Nadhani ni yeye aliyewaambia kwamba kwa Kanji kuna fundi anayejua kusoma waya. Alidhani ananisifia. Inspekta alikaa wapi, kama si juu ya gunia lile lile la maharagwe? Alikaa, akavua kofia, akaikung'uta maji, akatoa mfukoni kipande cha seng'enge. "Wewe fundi? Angalia hii. Hii nakatwa na nini?" Upande mmoja ulikuwa umebanwa vibaya, akanieleza kwamba huo wamekata wenyewe kwa plaisi ili kukitoa. Nikakigeuza niangalie ule upande mwingine, ule wa mwizi.

Ilikuwa imepigwa tupa. Ncha imelala sawa, na pembeni imezungushwa kidogo, ukali umetoka, kama nilivyofundisha. Nikapitisha kidole, hakuna jino. Jamani, nani duniani anakata seng'enge ya mzungu, anajua kuna mlinzi mwenye mbwa, halafu anasimama kuipiga tupa? Mtu mmoja tu. Na huyo alikuwa hatua mbili nyuma yangu, anajaza gurudumu pumzi, na nilisikia pampu imenyamaza. Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, nikisema kweli, Barasa amekwisha. La pili, na hili ndilo lililonitia baridi, ni kwamba inspekta akijua ni kazi ya fundi wa breki, hatamwangalia Barasa kwanza. Ataniangalia mimi, mwalimu wake. Watu wengi wameniambia nilimwokoa bakoki wangu siku ile. Ni uongo. Nilijiokoa mimi, na Barasa akaponea humo humo.

"Ni msumeno, bwana," nikasema. "Msumeno wa chuma, wembe mpya. Unaona hii mistari? Msumeno ndio huacha mistari namna hii." Mistari ilikuwa ya tupa. Inspekta akasogeza waya kwenye dirisha, akatazama. "Msumeno yako iko wapi?" Nikampa. Ilikuwa fremu tupu yenye kutu, wembe ulikatika zamani na Kanji hakununua mwingine kwa sababu tulikuwa tumeuacha. Ndiyo maana nilisema msumeno: nilijua sisi hatuna. Akacheka kidogo, akanirudishia. Sajini alikuwa anaitazama baiskeli yake iliyosimama mlangoni, hasa pale waya unapoingia kwenye breki. Sijui aliona nini. Mpaka leo sijui. Wakatoka, na gunia likabaki na alama ya makalio ya serikali. Mama Kanji, nyuma ya ubao, aliangusha kifuniko cha sufuria, na mimi nikakojoa kidogo. Nimesema nitasema kweli.

Nilidhani yameisha. Nilifikiri nimelipeleka lile kosa kwa hewa tu, kwa msumeno usio na mwenyewe. Sikujua kwamba polisi wakiambiwa msumeno, wanaenda kutafuta msumeno. Ijumaa tukiwa na bakuli letu la dengu tulimsikia sajini dukani akimwambia Kanji kwamba mtu amepatikana: kijana wa kutoka mlimani, Ndiwa, anayetengeneza pampu za maji kwenye shamba lile lile. Alikuwa na msumeno wa chuma na wembe mpya kabisa aliopewa na bwana wake mwenyewe. Alikataa, akapigwa, akakataa tena. Kanji akauliza, "Na wewe naona ni yeye?" Sajini akasema, "Kuna fundi amethibitisha." Ni mimi huyo. Fundi amethibitisha. Barasa akaweka bakuli chini.

"Naenda," akasema.

"Wapi?"

"Stesheni. Nitasema ni mimi. Huyo mtu hana kosa, bakoki."

"Na ng'ombe?"

"Wako kwa mjomba, Bumula. Mama amelia sasa. Inatosha."

Nilimshika shati. Nilimshika kwa mikono yote miwili kama mtoto anayebaki nyumbani mama akienda sokoni. Nikamwambia, ukienda utaniua mimi. Wataniuliza kwa nini nilisema msumeno. Watasema tulipanga. Siku hizi ni siku gani, huoni watu wanavyobebwa? Nikamwambia Ndiwa atafungwa miezi michache tu, lakini sisi tutapotea kabisa. Nilisema hata kwamba Ndiwa si mtu wetu, si Mbukusu. Neno hilo nililisema. Barasa alikuwa na nguvu mara mbili kuliko mimi. Angeweza kunisukuma kwenye magunia akaenda. Hakunisukuma. Alikaa chini polepole, akaangalia mikono yake. "Kwa nini uliipiga tupa?" nikamuuliza. Akajibu, "Sijui. Nilikata, nikasikia jino. Tupa ilikuwa mfukoni, mukono ulienda wenyewe." Dengu ikapoa hapo. Tuliimwaga jioni nyuma ya choo ili Mama Kanji asijue.

Ndiwa alifungwa. Alipotoka nilisikia kazi hana, na nyumba aliyokuwa nayo shambani imepewa mtu mwingine, akarudi mlimani. Kabla mwaka haujaisha Barasa alimuaga Kanji akaenda zake Bumula kulima na kutengeneza baiskeli chini ya banda lake mwenyewe. Mimi nilibaki, nikapanda cheo, baadaye nikawa na duka, na watu wa Kitale wakaniita fundi mkuu. Mimi na Barasa tulikutana kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye tohara za vijana. Tulicheka sana, yeye alikuwa na mdomo ule ule. Lakini tukibaki wawili tu, mimi nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba kuna mtu nje ananiita. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea yote nikitazama nyuma.

Sasa, siku ya mazishi. Turubai lilijaa, vijana wa kamati wanapanga viti, mwendesha shughuli akaita rafiki wa zamani wa marehemu aseme. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa fundi hodari, mcheshi, bakoki wangu. Watu wakapiga makofi, nikaketi. Baada yangu akaitwa mzee mmoja mwenye koti zito na fimbo, aliyekaa na familia, mbele kabisa, mahali ambapo hata mimi sikuwekwa. Akasema anatoka mlimani, anaitwa Ndiwa, na kwamba kijana Barasa alimfuata hadi kwao mwaka ule alipotoka jela, akiswaga ng'ombe wawili, akamwambia jambo, na tangu siku hiyo watoto wao wamekua kama wa nyumba moja. Jambo lenyewe hakulitaja. Mimi masikio yalikuwa yanavuma. Nikaangalia njia ya kutokea. Watu walikuwa wengi mno.

Wakati wa chakula alikuja, akavuta kiti mbele yangu, akaketi magoti yake yakigusa yangu. Nikaweka sahani yangu chini.

"Wewe ndiye wa msumeno," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Barasa alinitajia jina lako ile siku ya kwanza. Akataka kukuleta. Nikamwambia, acha. Huyu aje mwenyewe." Akasugua goti lake. "Kitale si mbali, mzee. Mimi huja huko kila mwaka kuuza mahindi. Nimepita mbele ya duka lako, nimenunua hata tyubu kwako. Uliniuzia wewe, kwa mkono wako."

"Nilikuwa naogopa," nikasema. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na lilikuwa la kweli.

"Najua. Hata mimi niliogopa. Lakini mimi niliogopea ndani, kule jela."

Hakusema kwa hasira. Alingoja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandalia maneno, maneno mazuri kabisa, yenye hali ya hatari na ujana na serikali ya mkoloni ndani yake. Hata moja halikuja. Watu walikuwa wanapita na sahani, mtoto akakanyaga kiatu changu.

"Haikuwa msumeno," nikamwambia. "Ilikuwa tupa. Nilijua."

Akainamisha kichwa, akaweka mkono nyuma ya sikio. "Sema kwa nguvu. Masikio yangu yalipigwa kule."

Nikasema tena, kwa nguvu, na watu wakageuka.